Viatu Vyekundu vya Zhanxi

Wiki iliyopita, katika mtaa wa maduka wa Zhanxi, jijini Guangzhou, China, nilimwona mtoto wa kike akimwonyesha baba yake viatu vyekundu. "Baba, navitaka hivi," alisema bila woga. Harufu ya gundi na ngozi mpya ilinirudisha kwenye alasiri moja ya utoto wangu, hapo hapo Zhanxi, baba akiwa amenishika mkono huku akichagua viatu vya kupeleka Dar es Salaam.

Siku ile nami niliona viatu vyekundu, nikatabasamu. Baba akanibana vidole.

"Uso huo ufunge, mwanangu," alisema kwa sauti ya upole. "Muuzaji akijua umependa, hatatupunguzia bei. Na mtoto wa kike hapendi kitu kabla baba yake hajakipenda."

Nikaufunga. Muuzaji alinisogezea viatu, mimi nikatazama mikokoteni iliyokuwa ikipita nje kwa kishindo. Tulipotoka baba alicheka.

"Leo umekuwa binti yangu kweli."

Nilidhani hiyo ndiyo njia ya kupata kitu, na kwamba angerudi kuvinunua. Nilivisubiri hadi miguu yangu ikavizidi ukubwa.

Sifa ile bado ni tamu kwangu. Hata hivyo, mchumba wangu akiniuliza ninachotaka, mimi hujibu, "Chochote." Wiki iliyopita yule baba alichuchumaa, akamvisha mwanawe viatu. Muuzaji akanigeukia, akaniuliza nimependa viatu gani. Nilijibu kwamba natazama tu, na vidole vyangu vikauma.