Meno ya Shaba ya Papa Mushagalusa

Ukae hapa, mwanangu, na wewe sasa unaingia kazi ya mashini. Nimechoka, magoti yananiuma tangu asubuhi, lakini ile siku ya Luvungi nataka nikuelezee kabla sijaisahau. Ilikuwa wakati wa Zaïre, tulipoitana citoyen, yaani raia, hata na wazee wetu. Nilikuwa kijana, nimetoka shule ya ufundi na diplome yangu, nikifanya kazi kwa garaje ya Papa Mushagalusa, kule Kadutu, Bukavu. Kichwa kilikuwa kimenivimba, nakuambia ukweli.

Wakulima wa Luvungi, kule bondeni, walikuwa na trakta moja tu, nzee, ya watu wote. Mvua ilikuwa imekwisha kuanza na mashamba yao yalingoja kulimwa. Lakini ndani ya injini, ile pinyo kubwa, gurudumu la meno linaloamuru supapu, vile vifuniko vya ndani, zifunguke na kufungika kwa saa yake, ilikuwa imekatika meno matatu. Kupata mupya ilikuwa kazi bure. Wenye maduka wa zamani, wageni, serikali iliwanyang'anya wakaenda, na wale waliopewa maduka waliuza vyote vilivyokuwamo, kisha wakafunga milango.

Basi Papa Mushagalusa akayeyusha shaba, akajaza pale palipokatika, akaanza kupiga tupa. Siku ine nzima, jino kwa jino, akipima na kipande cha bati alichokikata kwa kufuata meno mazima. Macho yake yalikuwa yamechoka, yalitoa machozi, anapangusa, anaendelea. Siku ya tano malaria ikamuangusha, akaniita kitandani.

"Wewe njo utaenda," akaniambia. "Alama za kwa pinyo, zile za kuonyesha meno yakutane wapi, usiziamini. Ile mashini imefunguliwa na watu wengi, kila mutu aliweka alama yake. Ukisha kufunga, zungusha injini na mukono, mara mbili nzima. Ikikataa hata kidogo, acha, fungua tena."

"Ndiyo, papa."

Nikachukua ile pinyo, nikapanda kamiyo ya mizigo, nikashuka mupaka Luvungi. Kweli, kwenye pinyo ndogo, ile inayoshikana na kubwa, nilikuta alama mbili. Nikachagua ile iliyoonekana vizuri, nikafunga. Watu walikuwa wamenizunguka, na mbele yao Maman Nsimire, mukubwa wa kikundi chao, tayari na kikapu cha mbegu. "Citoyen, leo tutalima?" akaniuliza.

Mwanangu, niliona haya. Mimi mwenye diplome nizungushe injini na mukono mbele ya watu wote hawa, kama mutu anayebahatisha? Sikuzungusha. Batri ilikuwa imekufa, kwa hiyo wanaume wakaivuta trakta kwa kamba, nikaachilia ambreyaji, ile klachi, injini izunguke. Ikagonga ka-ka-ka, ikanyamaza. Nilipofungua, nikakuta supapu zimepinda na pistoni moja imetoboka. Nilikuwa nimefunga kwa alama isiyo yake.

Maman Nsimire akauliza, "Ni nini?"

"Ni yale meno ya muzee," nikajibu. "Shaba haiwezi."

Yalinitoka kinywani kirahisi, hata sikutafuta maneno. Hakuna aliyenigombeza. Walichukua majembe, wakaanza kulima kwa mukono, wamama wengi wao, na mvua haikuwangojea. Nusu ya mashamba ilibaki majani mwaka ule.

Niliporudi Bukavu na ile pinyo, Papa Mushagalusa alikuwa amepata nafuu. Akaomba pinyo yake. Akapitisha kidole kwenye yale meno matatu, polepole. Yalikuwa mazima yote.

"Hukuzungusha," akasema.

"Hapana, papa."

"Na watu wa Luvungi, uliwaambia nini?"

Nikageuka, nikaanza kupanga funguo za kazi. Hakuniuliza mara ya pili. Akafunga pinyo ndani ya kitambaa, akaniambia kesho nije mapema, kuna kazi. Heri angenifukuza.

Tangu pale watu wa bondeni, wa Luvungi na hata wa Sange, walianza kupita mbele ya garaje yetu bila kusimama. Walisema muzee macho yamekwisha, anaharibu mashini za watu. Maneno yale yalimufikia, mara nyingine mimi nikiwa kando yake na ufunguo mukononi. Ningeweza kusema. Naye angeweza kunitaja, lakini hakunitaja hata siku moja. Ilikuwa vile miaka mitatu, kisha akafa.

Maman Nsimire alikuja kwenye matanga. Akanishika mukono, akasema, "Alikuwa mutu muzuri sana. Ni mikono tu ilimutoka mwishoni."

Nikamujibu, "Ndiyo, maman."

Huyo maman naye ametangulia. Sina tena mutu wa kumuambia kule, njo maana nakuambia wewe, na najua haitoshi. Kosa la kazi silo linaloninyima raha, mashini zinaharibika kila siku. Ni lile neno. Basi, ukiharibu, sema siku ileile, mbele ya watu walewale. Watakucheka, labda watakufukuza, na hayo yanapita. Lakini kosa lako usimutwike mwingine, hata kama yeye anakubali kulibeba. Zaidi kama anakubali.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe mikono yenye nguvu na wateja wenye subira. Na akupe moyo wa kusema "ni mimi" wakati yule uliyemukosea angali anasikia.