Miaka Miwili ya Lennox

Saa moja asubuhi, Selpha Apondi anapaka viganja mafuta na kuanza kumkanda Virginia tumbo. Mimba ina miezi minane. Nyumba ya mabati hapa Kitengela bado ina baridi, na mkunga huyu wa miaka hamsini na minne anapapasa polepole akitafuta kichwa cha mtoto.

"Amegeuka vizuri," anasema. Virginia anacheka. Selpha hacheki, na huwezi kumlaumu.

Virginia ni bintiye Ndung'u, mwenye bucha aliyevamiwa Machi mwaka huu wa 2006 na kukatwa mkono kwa panga. Aliyeshtakiwa ni Lennox, kijana wa jirani. Wizi wa mabavu huadhibiwa kwa kifo, ila aliyekuwa chini ya miaka kumi na minane hanyongwi. Kitambulisho cha Lennox kinasema alikuwa na kumi na tisa.

Daftari la Selpha, lenye watoto 212 aliowapokea kwa mikono yake, linasema kumi na saba.

Hapo ndipo aibu ilipo. Mwishoni mwa 2004, Florence, mamake Lennox, alimsihi amwongezee kijana miaka miwili ili apate kitambulisho na kibarua kiwandani Athi River. Wengi walifanya hivyo bila kukosa usingizi. Selpha akaenda kwa naibu wa chifu, akaapa.

"Kwa Florence kulikuwa na njaa, na kijana alikuwa mrefu," anasema. "Nikaona nasaidia. Ningejua aje hiyo miaka itamfuata mpaka kortini?"

Kesho anangojewa mahakamani Kajiado. Akisema ukweli, amejishtaki mwenyewe kwa kiapo cha uongo. Akinyamaza, mtoto aliyemkata kitovu atahukumiwa kama mtu mzima. Na pale ng'ambo ya njia yuko Ndung'u, anayejifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja.

"Mimi hata sijui nasimama wapi," Selpha anasema. "Asubuhi nasema alipe yote. Jioni niko na huruma, nalia."

Ndung'u, akiwa kwenye bucha yake, hana kelele. "Aseme yenye anajua. Lakini mkono wangu haukukatika nusu ati kwa sababu mwenye panga alikuwa mtoto."

Mwandishi wa makala haya alifika na msimamo wake mfukoni. Ameurudisha nyumbani ukiwa umekunjamana.

Selpha amelifunga daftari kwa leso. Atalipeleka, anasema, na tumaini lake ni hakimu amsikie na Ndung'u aendelee kumsalimia.

Virginia anashusha blauzi. "Mama, nasikia kesho unaenda Kajiado."

"Naenda."

Virginia anainuka kwa shida, mkono kiunoni.

"Enda tu. Lakini huyu wangu akizaliwa, usimwongezee hata siku moja."