Kofia Iliyoachiwa Nafasi

Siku ya Jumatatu Mama Pacha alishona mkono wa kushoto wa gauni la mteja upande wa kulia. Akaufumua, akanyoosha uzi, akaushona tena palepale. Wifi yake, aliyekuwa akitia vifungo kwenye kiti cha pili, akamtazama juu ya miwani.

"Wifi, hilo gauni lina mikono mingapi?"

"Miwili, kwani mengine yana mingapi?"

"Basi mimi nimehesabu wa tatu huu."

Wakacheka, lakini cheko la Mama Pacha lilikatika njiani kama uzi mbovu. Wifi akamwelewa. Akauma sindano kwa meno, akasema polepole, "Jumamosi haiji mapema kwa wewe kuiwaza."

Jumamosi ndiyo iliyokuwa ikimla. Mumewe, fundi wa pikipiki ambaye gereji nzima ilimwita Nati, alikuwa amejiandikisha kwenda kuendesha kwenye uwanja wa mbio. Hayakuwa mashindano, na hilo alishamweleza mara kumi. Hakuna kombe, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Ni siku ambayo wenye uwanja hufungua geti, watu wa kawaida huja na pikipiki zao, wakazunguka kwa zamu kwenye lami safi: bila lori, bila mbwa, bila mtu anayevuka huku macho yake yakiwa kwenye simu.

"Ni salama kuliko barabara ninayopita kwenda kazini," Nati alisema.

Mama Pacha hakuwa mtoto wa kudanganywa kwa pipi. Barabarani Nati alikwenda mwendo wa mtu mwenye watoto wawili. Uwanjani angekwenda mwendo wa mtu asiye na hata mmoja. Lakini hakumkatalia. Alijua mwanaume ukimzuia kitu kimoja anachokipenda, kitu hicho huhamia nyumbani kikawa mgeni asiyeaga. Alimwekea sharti moja tu.

"Nenda. Ila kichwa hicho nakivisha mimi."

Maana kofia ngumu ya zamani ilikuwa ya kuombea dua. Ilishaanguka kutoka juu ya kabati mara mbili, na wale pacha walikuwa wakiigeuza sufuria wanapopika udongo. Sponji ya ndani ilikuwa imelala kama godoro la nyumba ya wageni. Na kofia iliyopata pigo, Mama Pacha alishaambiwa, hata isipoonyesha ufa imekwisha kazi.

Jioni, Nati akiwa ameinamia sahani, mkewe alimzungushia tepu kichwani, juu kidogo ya nyusi.

"Unanipimia jeneza?"

"Ushindwe na ulegee! Kula, usigeuke."

Sentimita hamsini na nane. Akachukua kalamu, akaandika kiganjani: sitini. Hakufikiri. Kwa miaka tisa mkono wake ulikuwa ukifanya hivyohivyo. Kiuno kikija themanini, unaandika themanini na mbili; mtu lazima apumue, ainame, ashibe. Nguo isiyoachiwa nafasi ni adhabu, na yeye hakuwa fundi wa kuadhibu watu.

Jumatano akafunga kazi mapema, akaenda dukani. Muuza kofia alikuwa mama wa makamo, aproni yake imejaa mifuko. Hata kabla ya salamu kupoa, akauliza, "Na kichwa kiko wapi?"

"Kiko gereji, mama. Hakipati nafasi."

"Kofia ya uwanjani hainunuliwi kwa kutumwa, mwanangu. Kuna kichwa cha yai, kuna kichwa cha chungwa. Mlete mwenyewe."

"Cha kwake ni chungwa. Na mimi ni fundi nguo, kutwa napima watu." Hilo alilisema na kidevu kikiwa juu kidogo.

"Haya, fundi. Namba?"

Akafungua kiganja. "Sitini."

Hakununua kwa macho ya pembeni. Alizikataa mbili kwa sababu mkanda wa kidevuni ulifungwa kwa kubana kama mkoba wa shule, na Nati alikuwa amesema uwanjani wanataka ule wa pete mbili za chuma, unaopitishwa na kurudishwa. Akaingiza vidole ndani, akatafuta kitambaa chenye alama ya kuonyesha kofia imepimwa, akakisoma. Akavuta mshono wa mkanda kwa nguvu zake zote, akahesabu mistari ya uzi. Akafungua kioo, akakifunga, akakifungua. Muuza kofia akatikisa kichwa kwa heshima.

"Wewe ukija kufanya kazi hapa nitafukuzwa mimi. Sasa sikiliza. Avae nusu saa akiwa ameketi. Ikimbana mashavu, ndiyo yenyewe. Ikimuuma kwenye paji, irudishe. Ila isitoke nje wala isianguke."

Nyumbani Nati aliivaa akiwa bado na grisi viwikoni. Hakumaliza hata dakika mbili.

"Ah, raha! Imekaa kama haipo."

Moyo wa Mama Pacha ukajaa. Nguo iliyoshonwa vizuri mtu haihisi, ndivyo alivyofundishwa. Lakini alipokuwa akiosha vyombo, neno moja la yule mama likawa linamchoma kama pini iliyosahauliwa kwenye upindo.

"Baba Pacha, mashavu hayabanwi?"

"Yabanwe kwa kosa gani?"

Akacheka, naye akacheka. Pini ikabaki palepale. Alhamisi ilimkuta na sare za shule za kukatwa, Ijumaa ikamkuta na bibi harusi anayelia kwa sababu ya zipu. Kila alipotaka kulishika wazo lake, lilimponyoka. Akajua tu kwamba kuna kitu.

Jumamosi asubuhi wale pacha wakaachwa kwa bibi yao, na wao watatu, Nati, mkewe na wifi, wakafika uwanjani jua likiwa bado laini. Kulikuwa na sauti za injini na harufu ya mpira ulioungua. Watu waliovaa suti za ngozi walitembea miguu kando kama waliovimba mapaja. Mkaguzi, mwanaume mkavu mwenye kalamu sikioni, alikuwa mezani akipokea kofia moja moja. Aliangalia alama ya ndani, akavuta mkanda, akaigonga kwa kidole, akatafuta ufa.

"Namba?"

"Sitini," akasema Nati.

"Mpya hii. Safi." Akabandika stika ya kijani, akamwita anayefuata.

Sitini. Mama Pacha alilisikia neno hilo kwa mdomo wa mtu mwingine, likawa geni. Nati tayari ameivaa, ameketi kwenye pikipiki mstarini, zamu ya wanaoanza. Wifi akamwita kwa mbali, "Kaka! Hebu geuka nikupige picha!"

Nati akageuka. Uso uligeuka; kofia ikafuata baadaye.

Hapo akaona yote mawili kwa pamoja, tepu inayosema hamsini na nane na kiganja kinachosema sitini. Alikuwa amemwachia nafasi. Amemshonea kichwa kama anavyoshona suruali.

Mstarini injini zilikuwa zimeanza kunguruma. Mama Pacha alikuwa mtu wa sauti ya chini, hata sokoni huonyesha kwa kidole. Bora lawama kuliko fedheha, akajiambia, akapita chini ya kamba.

"Mkaguzi! Mkaguzi, subiri! Kofia ya huyu ni kubwa!"

Vichwa vyote vikageuka. Nati akainua kioo. "Mama Pacha, unaniaibisha mbele za watu."

"Heri nikuaibishe ukiwa mzima. Nilikupima hamsini na nane nikaandika sitini. Nilikuachia nafasi, Baba Pacha. Mimi ndiye niliyekosea."

Mmoja mstarini akapasuka kwa kicheko. "Shemeji, ungemwekea na mifuko kabisa!"

"Na zipu ya pembeni!" akadakia mwingine.

Mkaguzi hakucheka. Alimwambia Nati akaze mkanda mpaka mwisho, akasimama nyuma yake, akashika ukingo wa kofia kisogoni, akaunyanyua kuelekea mbele. Kofia ikabingirika juu ya macho ya Nati, ikapita puani, ikatoka. Ilibaki mikononi mwa mkaguzi, mkanda ukiwa bado umefungwa.

Kila aliyekuwa akicheka akaupeleka mkono kisogoni mwake.

"Ungeanguka," mkaguzi akasema, "hii ingefika kabla yako." Akaibandua stika.

Nati aliisukuma pikipiki pembeni, akaketi kwenye tofali. Akavua glavu, akaiingiza moja ndani ya nyingine. "Basi turudi," akasema, wala hakusema kwa hasira. Ingekuwa kwa hasira ingekuwa nafuu.

Na hiki ndicho Mama Pacha alichokiomba wiki nzima. Kilikuwa mbele yake, tayari, na lawama ameshaibeba. Kilichobaki ni kunyamaza tu, wapakie, waondoke. Akanyamaza kweli, kwa muda wa kupumua mara tatu. Akamtazama mumewe anavyoangalia chini, jinsi mabega yake yalivyoshuka kama shati kwenye msumari. Nyumbani angefika mzima, lakini angefika hivi.

"Usiondoke hapo," akamwambia.

Kundi lililotangulia lilikuwa linatoka uwanjani. Akapita katikati yao bila aibu, macho yake, yaliyozoea kukadiria mtu kabla hajaingia mlangoni, yakiruka kutoka kichwa hadi kichwa. Hiki yai. Hiki kikubwa. Hiki yai tena. Kisha dada mmoja akavua kofia ya zambarau yenye maua ubavuni, kichwa chake duara kama kimechorwa kwa kikombe. Alikuwa muuguzi, alivyojieleza baadaye.

"Samahani dada, kofia yako namba ngapi?"

"Hamsini na nane. Kulikoni?"

Akamweleza kwa pumzi moja. Kisha, kabla yule hajajibu, akaongeza, "Na imewahi kuanguka?"

Muuguzi akacheka. "Mwombaji ananikagua! Haijawahi. Mchukulie, nina saa nzima ya kupumzika. Ila jasho langu limo humo."

Kuivaa kulikuwa vita. Nati alivuta mikanda huku na huku, masikio yakakunjika, mpaka ikaingia ikampandisha mashavu na kumchongoa mdomo.

"Nabanwa," akasema kwa sauti ya mtu aliyejaza chakula.

"Paji linauma?"

"Paji hapana. Nahisi kama samaki."

"Kaa hivyohivyo, samaki wangu."

"Kaka, maua yamekupendeza," wifi akasema, simu imeinuliwa.

Mkaguzi alisubiri dakika kumi kwa saa, kisha akanyanyua kisogoni. Kofia haikwenda. Akaigeuza kulia na kushoto, na ngozi ya paji la Nati ikafuatana nayo. Stika ikarudi, safari hii juu ya ua.

Nati alipoingia uwanjani, Mama Pacha alishika wavu kwa vidole vyote. Kila mzunguko pikipiki ilipotea nyuma ya tuta, na kila ilipopotea alibana pumzi mpaka ile zambarau ichomoze upande wa pili. Mara moja ilichelewa. Wifi alisema haikuchelewa. Mzunguko wa sita bendera ikapepea, akaja taratibu, akaivua kofia kwa taabu. Mashavu yake yalikuwa na michirizi ya sponji, na macho yake yaling'aa vile ambavyo mkewe hakuwa ameona tangu pacha walipozaliwa.

"Kile kikona cha mwisho hakina huruma," akasema.

"Na kichwa?"

"Kipo. Kilibanwa mpaka mawazo yakakaa foleni." Akamrudishia muuguzi kofia kwa mikono miwili, kisha akamgeukia mkewe, akamgusa bega. "Dada anasema nikiitaka tena ipo. Zamu yetu nyingine ni saa nane."

Ilikuwa saa tano kasoro. Wifi akatandika kanga kwenye nyasi, akamimina chai, akapiga-piga nafasi iliyobaki kando yake.

"Haya, kaa basi, wifi."

"Nimekaa," akajibu Mama Pacha, akiwa amesimama.