Kopo Lenye Picha ya Jani

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, ilikuwa Jumamosi ya baridi hapa mtaani kwetu Lizaboni, nasi wanawake sita tumejifungia chumbani kwa binamu yangu Gaudensia tukimvika gauni jeupe la kukodi. Nasema kumvika, lakini ile kazi ilifanana na kuingiza godoro kwenye foronya. Zipu ilipanda hadi kiunoni ikagoma. Mmoja anavuta, mwingine anasukuma, wa tatu anamwambia asipumue. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, maana ndipo ninapopenda kukaa, nikasema, "Mtani, padri akikuuliza kama unakubali, jibu kwa kichwa. Ukifungua mdomo zipu itamtoa jicho."

Chumba kizima kilicheka. Gaudensia naye alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nikayahesabu yale machozi kuwa ya kicheko.

Ngoja kwanza nikuambie mimi ni nani, usije ukadhani unaongea na mtu wa maana. Mimi Osmunda ni mtu wa nyumbani. Kidato cha nne nilimaliza kwa uvumilivu wa walimu, si kwa akili zangu. Safari yangu ndefu kuliko zote ni ya kwenda Hanga kumwona bibi, na hata huko huwa siku ya pili nimeshakikumbuka kitanda changu. Kitu kimoja tu nilijaliwa, ulimi. Na kwa Gaudensia ulimi huo ulikuwa na kibali, kwa sababu mama yangu alikuwa dada wa baba yake, na kwetu watoto wa namna hiyo ni watani. Mtani anaweza kukuita nguruwe mbele ya wakwe zako, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, umeharibu wewe, si yeye. Kwa hiyo tangu utoto nilimtania kwa unene wake, naye alicheka, na sote tuliona hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Niliandika methali hiyo kwenye mtihani wa Kiswahili nikapata alama zote. Kuielewa ni habari nyingine.

Gaudensia alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa barazani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni mwake hata akiwa kanisani, kwa kusahau. Alikuwa ameishi na mumewe Longino miaka tisa na watoto wawili, na sasa walikuwa wameamua kwenda kubariki ndoa. Zilibaki wiki sita. Angeweza kujishonea gauni la kumtosha, yeye ambaye alishonea nusu ya mtaa. Lakini gauni la kukodi ndilo walilovaa wenzake wote, na fundi yeyote atakuambia kwamba nguo ya kujishonea mwenyewe haihesabiki kuwa sherehe. Akaona ni rahisi kupunguza mwili kuliko kuongeza kitambaa.

Jumatatu yake akanipitia. "Twende wote," akasema, "usije ukanicheka peke yangu." Tukaenda kwenye duka moja la dawa. Jina lake halina faida kwako, kwa kuwa maduka ya namna ile hayajaisha. Dada muuzaji alitoa kopo jeupe lenye picha ya jani la kijani na maandishi ambayo hata yeye hakuyajua. Akatuambia ni majani matupu, hayana madhara, na kwamba wake za wakubwa wanatumia. Hakutuuliza kama tuna presha, tuna mimba, tunanyonyesha, au tuna akili. Na Gaudensia presha alikuwa nayo tangu uzazi wa pili, alipewa dawa zake kliniki, kila mtu wa nyumbani anajua. Nami nilijua, nikiwa nimesimama pale pale kaunta nikichagua sabuni.

Tuligawana vile vidonge kama dada wanavyogawana chumvi, akanifungia vyangu kwenye karatasi. Mimi nilikuwa na tumbo lililobaki kwa mtoto wa tatu, ambaye wakati huo alikuwa anasoma darasa la pili.

Siku ya kwanza sikuona kitu. Siku ya pili sikusikia njaa, nikafurahi. Siku ya tatu, nimekaa tu nachambua maharage, moyo ukaanza kutwanga kifuani kana kwamba kuna mtu humo ndani anaandaa unga wa kesho. Mdomo ukakauka. Nikanyanyua kikombe cha chai, mkono ukatetemeka, chai ikamwagikia maharage. Niliogopa, mwanangu. Nilichukua karatasi yangu nikaitupa chooni, nikalala mpaka moyo ukatulia.

Na sikumwambia mtu.

Unataka kujua kwa nini? Ni aibu kuliandika. Mtu wa kucheka wenzake hapendi kuchekwa. Nilimwona kichwani mwangu Gaudensia akisimama katikati ya wanawake akisema, "Mtani, hata kidonge kimekushinda?" Kwa hiyo aliponiuliza vyangu vinaendeleaje, nilimjibu kwamba vimeisha, na tumbo limekataa kuhama kwa sababu limeshazoea mji. Wakacheka. Nikaridhika na kicheko nikaondoka.

Yeye akaendelea, na vilipoisha akaongeza kopo jingine. Kila Jumapili alijizungushia tepu kiunoni, kisha akachora mstari wa chaki kwenye ubao wa mashine, kuonyesha alipofikia. Mistari ikawa inashuka. Mtaa ukampongeza. Shingo ilichongoka, mashavu yakaingia ndani, tukasema amependeza. Alikunywa maji ndoo kwa ndoo, tukasema anajitunza. Alisema hapati usingizi na haoni uchovu, tukasema ni furaha ya harusi. Siku moja nilimwona akihangaika kutunga uzi kwenye sindano. Fundi wa miaka kumi na mitano kazini, uzi unapita kushoto, unapita kulia, kidole kimeshachomwa mara mbili. Niliitambua ile mikono. Ilikuwa mikono yangu ya siku ya tatu.

Nikamwambia nini? Nikamwambia avae miwani, uzee umeingia.

Alikwenda kliniki yake ya presha kama kawaida. Nesi akamuuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia, akajibu hakuna. Aliporudi alinisimulia huku anacheka: "Majani si dawa, mtani. Nikimwambia nimekula mchicha, ataandika?" Nami nikacheka. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Lakini huyu hakuwa peke yake katika kuficha. Alikuwa na msaidizi.

Jumamosi ya mwisho gauni lilijaribiwa tena. Zipu ilipanda mpaka juu bila kuvutwa, na nafasi ikabaki. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilimtazama kwenye kioo, mifupa ya mabega imechomoza juu ya lesi, na kwa mara ya kwanza maishani nilikosa la kumtania.

Jumatano asubuhi, siku tatu kabla ya harusi, alianguka kutoka kwenye kiti cha mashine. Nilikuwa mlango wa pili, nikasikia mashine inakwenda, inakwenda, halafu kishindo. Nilipofika, tepu ilikuwa shingoni na macho yamegeuka. Jirani alikuwa na pikapu, mimi na Longino tukampakia, tukaenda hospitali.

Tulikaa kwenye benchi la nje, mimi, Longino, na Bibi Kolumba, mdogo wa bibi yetu aliyemzaa baba yake Gaudensia na mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Hanga kwa ajili ya harusi. Daktari alitoka akamuuliza Longino mkewe ametumia nini. Longino akasema ni dawa za presha tu. Daktari akauliza tena kama hakuna kingine. Longino akatikisa kichwa, maana kweli hakujua. Kopo lilikuwa linakaa kwenye boksi la vifungo. Mimi nilikuwa natazama vidole vyangu vya miguu.

Daktari akarudi ndani. Muda ukapita. Sijui ni mwingi kiasi gani, na nimejaribu miaka yote hii kuufanya uwe mfupi. Kisha Bibi Kolumba, bila kunigeukia, akasema, "Osmunda. Mtani wake ni wewe. Sema."

Nikasema. Daktari akanituma nikalete kopo, nami ambaye sikimbii hata mvua nilikimbia mpaka Lizaboni na kurudi. Daktari alilizungusha mkononi akilitazama kila upande. "Mama," akasema taratibu, "hapa wamechora jani. Ninachokiona kwa mgonjwa si jani." Akatueleza kwamba vidonge vya namna hii mara nyingine huchanganywa dawa kali zisizoandikwa kokote, zinazokimbiza moyo na kupandisha presha, au zinazokamua maji na chumvi mwilini mpaka moyo unapoteza mwendo wake. Ni zipi zilizomo humu, hakuna aliyejua, hata yeye. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kupambana nazo.

Gaudensia alifariki saa tisa alasiri. Kama ningesema asubuhi angepona? Daktari hakuniambia, nami sikumuuliza. Mpaka leo sijamuuliza mtu.

Sasa, mwanangu, msiba una desturi zake. Kwetu mtani haendi msibani kulia tu. Anavaa vitu vya marehemu, anaiga mwendo wake na maneno yake, ili wafiwa wapate kupumua. Na mtani wa Gaudensia aliyekuwa anasubiriwa nilikuwa mimi. Nilijificha nyuma ya nyumba, karibu na majiko. Bibi Kolumba akanifuata huko akiwa na ile tepu mkononi. Nilimwambia siwezi, ulimi wangu ndio uliomuua.

Alikaa juu ya kuni, akanitazama. Hakunifariji. "Mtani amepewa ulimi usiokatwa," akasema. "Unadhani ni kwa ajili ya kuchekesha watu? Amepewa ili awepo mtu mmoja wa kukuambia lile ambalo mume anaogopa na mama anaona haya. Wewe uliutumia kwa kiuno chake. Kwa roho yake ukanyamaza." Kisha akanivika tepu shingoni. "Nenda ukamalizie utani wako."

Nikaenda. Nilikaa kwenye mashine yake mbele ya waombolezaji, nikakanyaga pedali kama alivyokuwa akikanyaga, nikanung'unikia uzi kama alivyokuwa akinung'unika. Watu wakaanza kucheka kidogo, kile kicheko cha msibani chenye kamasi. Nikajizungushia tepu kiunoni kama yeye kila Jumapili. Nikatoa lile kopo kwenye khanga, nikaliweka juu ya mashine, nikawaambia yote: duka, karatasi, siku ya tatu, chai iliyomwagika, benchi. Longino alikuwa amekaa mbele yangu kabisa. Alinyanyuka akaenda nje ya uzio, na ilipita miaka miwili kabla hajanisalimia tena. Simlaumu.

Siku ya kuanua matanga wanawake wawili walinijia, kila mmoja kwa wakati wake, na makopo yao yamefungwa kwenye leso. Wa tatu alimtuma mtu alete lake. Yote yalikuwa na jani lile lile.

Kwa nini ninayaandika haya leo? Kwa sababu Teofrida, binti wa Gaudensia, niliyemlea tangu baba yake aliponisalimia tena, ametimiza miaka ishirini na miwili na ana mchumba. Ana mwili wa mama yake, Mungu ambariki nao. Juzi alinionyesha tangazo kwenye simu akiuliza kama kitu hiki kinafaa. Siku hizi hata dukani hawaendi, vidonge vinakuja vyenyewe na bodaboda. Nikatazama kioo cha simu. Chupa imebadilika, lugha imebadilika. Jani lilikuwa lile lile.

Sikumtania. Nilimpeleka kwenye mashine ya mama yake, anayoitumia yeye sasa, nikamwonyesha mistari ya chaki niliyoipaka vanishi isifutike. Alidhani siku zote ni alama za kazi. Nikamweleza mstari mmoja mmoja, mpaka ule wa chini.

Basi nawe sikia, mwanangu. Usimeze kitu ambacho anayekiuza hawezi kukuambia kimo nini. Neno "majani" si kinga, hata tumbaku ya Namtumbo ni majani. Ukitaka kupunguza mwili, mwone mtu wa afya, umwambie unachokula, unachokunywa, na unachokificha kwenye boksi la vifungo. Moyo ukikimbia ukiwa umekaa, usione haya, nenda hospitali na kopo lako mkononi. Kama gauni halitoshi, fundi yupo. Ukiona mwenzako anakonda kwa haraka, usikimbilie kumsifu, muulize kwanza kama analala. Na wewe mwenye ulimi kama wangu, tania, sikukatazi, nami sijaacha. Lakini ukijua jambo la hatari ukalinyamazia ili usichekwe, kaburi utakalolifukia litakuwa na jasho lako.

Mungu akupe pumzi inayojaa kifua chote. Nguo ikikubana, ibane mwili tu, isikubane roho. Na akujalie mtani mmoja atakayekucheka mbele za watu, halafu akufuate nyumbani kukuambia kweli, kungali mapema.