Miezi Kumi kwa Baba Mkwe

Miche yangu ishirini na minne ya migomba ilikufa ndani ya wiki moja, hita zilipoharibika kwenye banda la kioo la chuo. Niliihesabu mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini. Mimi ni mtu wa Rungwe. Kwetu mgomba unaota hata nyuma ya choo bila kuombwa. Nikapanda ndege kwenda kusoma mnyauko wa migomba Ujerumani, nchi ambayo mgomba usipowashiwa hita haumalizi wiki. Ukitaka kunicheka panga foleni, mama mkwe yuko mbele.

Profesa alisema tuanze upya. Nikapiga hesabu: miezi saba zaidi. Nikapiga tena: saba. Chuo hakikuwa shida, kiliniongezea muda kwa saini moja. Shida ilikuwa binti yangu wa miaka mitano, niliyemwacha kwa wakwe zangu kule Kawetele. Mume wangu ni mwalimu, kapangiwa mkoa mwingine, nyumbani hufika likizo tu. Tulikubaliana wazee watakaa na mtoto mwaka mmoja na nusu, basi. Wangekataa kuongeza, ningerudi bila cheti.

Na mwenye neno la mwisho ni baba mkwe, mtu nisiyeweza kumwomba hata chumvi. Kwa wazee wa Kinyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Wengi wa mjini wameshaacha. Yeye hajaacha. Miaka sita ya ndoa, namjua kwa kikohozi chake na gambuti zake mlangoni.

Nikapitia kwa mama mkwe. Sasa, mimi nimekulia kwenye genge la mama yangu, Bagamoyo yetu ya Tukuyu, siyo ile ya pwani. Pale hutaji bei unayoitaka. Ukitaka saba unataja kumi, mwenzako anasema tano, mnavutana, mnakutana. Na yule mzee ni mnunuzi wa ng'ombe, hajawahi kukubali bei ya kwanza maishani mwake.

"Mama, niombee kwa baba miezi kumi."

"Kumi! Mwanangu, huko unasoma au unajenga?"

"Kumi, mama."

Kesho yake akapiga. "Baba amesema sawa."

"Sawa ngapi?"

"Sawa kumi. Kwani uliomba ngapi?"

Nilikaa kitandani na koti langu mwilini. Nilikuwa nimejiandaa kwa hapana, nimejiandaa kwa tano, kwa sawa sikuwa nimejiandaa. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa. Kupatana bei kunataka macho. Unamtazama mtu, unaondoka hatua tatu, anakuita. Mimi na yule mzee hatuna hata hatua moja ya kuondokea.

Nikabaki na miezi mitatu nisiyo na kazi nayo. Kuirudisha ni kukiri kwamba nilimpandishia bei mzee anayenilelea mtoto. Nikanyamaza wiki tano. Naamka giza, namwagilia miche mipya, natafuna mkate mgumu, narudi giza. Na kila simu, binti yangu alikuwa na swali lile lile.

"Mama, kumi inakuja baada ya tisa, eti?"

"Ndiyo."

"Ni mbali."

Jumapili moja mchana nilikuwa chumba cha kufulia cha bweni, tunaongea kwa simu ya video. Bibi yake alikuwa jikoni anamenya ndizi. Mtoto akachomoka na simu. Nikaona anga, nikaona kuku, nikaona gambuti, halafu uso wa mzee, mzima mzima.

"Babu, mama huyu hapa!"

Nikajifunika taulo bichi kichwani. Upande wa pili nikasikia majani makavu ya migomba yakikanyagwa kwa kasi. Naye alikuwa amekimbia. Mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa anakunja mashuka aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia, nikiwa ndani ya taulo, kwamba ni baba wa mume wangu. Akageuka kutazama mlangoni.

"Babu kajificha kwenye migomba," mtoto akatangaza. "Mama, na wewe umejificha?"

"Nimejificha."

Nikasikia kile kikohozi, kisha sauti. "Mjukuu wangu, muulize mama yako, migomba yake imefika wapi?"

"Mama, babu anauliza..."

"Mwambie imefika shubiri moja." Taulo lilinuka sabuni, na nilikuwa nimechoka, nimechoka kweli. "Na mwambie ni miezi saba. Siyo kumi. Saba, kuanzia siku ile niliyoomba."

"Babu, mama anasema saba!"

Akakohoa muda mrefu. Siku hizi nadhani kilikuwa kicheko.

"Mwambie nilijua siku ile ile. Mtoto wa genge akisema kumi ana saba mfukoni. Lakini ng'ombe namfungua mdomo, nahesabu meno, ndipo nampunguza bei. Mkwe nitamfungua nini?"

"Kwa hiyo saba, babu?"

"Saba. Na wiki tano zimeshatoka."

Kumbe naye alikuwa anahesabu. Nikahesabu na mimi humo ndani ya taulo, nikarudia. Mashine yangu ikamaliza kuzunguka, ikalia, ikanyamaza. Sikuinuka, mpaka mtoto aliposema babu ameenda kwa ng'ombe, mama, unaweza kutoka.