Dorika na Mashine ya Kusikiliza Ardhi

Pale Idete, Raimundi aliitwa Injinia, na jina hilo alilipenda kuliko lile la ubatizo. Watafiti wa matetemeko ya ardhi walikuwa wamefukia nyuma ya nyumba yake mashine yenye ukubwa wa sufuria ya ubwabwa, wakaizungushia uzio na kumkabidhi ailinde. Kazi yenyewe ilikuwa kufukuza mbuzi na kufuta vumbi kwenye paneli ya sola. Kwa maringo yake ungedhani amekabidhiwa dunia nzima.

Hata hivyo, aliyofundishwa aliyashika vizuri, hapo simpunguzii sifa. Alijua kwamba bonde lote la Kilombero linadidimia taratibu kati ya milima, kwa sababu ardhi ya huku inavutwa pande mbili na kupasuka. Alijua kwamba chini kabisa kuna joto la kulainisha miamba, nalo linasukuma juu, wakati uzito wa matope yanayoletwa na mito unakandamiza, na dunia inavuta kila kitu kuelekea katikati yake. Mwamba ukiteleza, hata mbali sana, mtikisiko husafiri na mashine huusikia. Haya aliyahadithia kilabuni, msibani, hata nje ya kanisa baada ya misa. Watu walimcheka, na yeye hakujali.

Aliyeumia ni mkewe, Dorika. Siku walipoifukia, watafiti walisema tu kwamba kelele karibu na mashine si nzuri. Jioni ileile Dorika akaanza kutwanga mpunga, Raimundi akahisi mshindo miguuni, na kesho yake akasema kinu kiondoke. Dorika alidhani anataniwa. Alimkumbusha kwamba kinu hicho alipewa na mama yake siku ya harusi, na kilikuwa pale uani miaka mingi kabla ya hiyo mashine. Raimundi, mtu mpole siku zote, akakibeba mwenyewe mpaka kwa Mbuke, jirani yao Msukuma aliyekaa ng'ambo ya majaruba ya mpunga, mwendo wa nusu saa.

Miaka miwili Dorika alikwenda huko kutwanga na kurudi na ndoo kichwani. Mwaka wa pili miguu ikaanza kuvimba, akawa anapumzika njiani. Aliomba mara moja tu, mvua zilipoanza, kwamba kinu kirudishwe nyumbani. Raimundi akamjibu kuwa wataalamu wanautegemea utulivu wa pale. Mwezi wa nne Mbuke alimkuta amelala kwenye tuta la jaruba, mchele umemwagika majini. Hospitali walisema ni moyo.

Raimundi alizika, akabaki na faraja moja: kwamba hakumhangaisha mkewe bure. Faraja hiyo ndiyo iliyomwinua kitandani kila asubuhi.

Mwezi wa sita Clinton, fundi kijana wa wale watafiti, akaja kuing'oa mashine. Alimwamkia shikamoo, akampa pole ya msiba, kisha akafungua kompyuta amwonyeshe kazi aliyoilinda. Jioni ya kwanza kabisa palikuwa na mikwaruzo minene, imepangika sawasawa. Raimundi akauliza hilo lilikuwa tetemeko gani.

"Si tetemeko, mzee. Huyo ni mtu anatwanga. Tulimtambua mara moja."

"Aliwaharibia kazi?"

Clinton akatabasamu, bila ubaya wowote. "Hata kidogo. Treni ikipita inatikisa kuliko yeye. Kinu tunakijua, tunakiweka pembeni, basi. Tulihofia magari na mashine za kusaga."

Moyo wa Raimundi ulivunjika palepale. Sina namna nyingine ya kulisema. Akaomba aonyeshwe siku zilizofuata. Clinton akavuta jioni moja, ya pili, wiki nzima, mistari yote imenyooka, akasifu kwamba hawakupata kituo kingine kitulivu kama hiki. Mzee akaweka kidole kwenye kioo, penye saa kumi na moja, pasipo na alama yoyote.

"Hapa alikuwa njiani," akasema.

Akakisogeza kidole kwenye jioni iliyofuata.

"Na hapa."