Siku Niliyong'oa Mpaka wa Watu Kabiria

Nitawaambia, lakini msinicheke kabla sijamaliza, maana mpaka leo nikipita mbele ya ile zahanati ya Kabiria huwa najifanya naongea na simu.

Kazi yangu ni kutunza bustani za watu kule Karen, kwa hivyo watu wa mtaa wetu walipojitolea Jumamosi moja kuzibua mitaro na kupaka zahanati rangi, mimi nikajitwika cheo cha fundi wa maua (hakuna aliyenipa, nilijipa). Shida ni kwamba maua yenyewe hayakuwepo. Nikazunguka nyuma ya zahanati na hapo, katikati ya mashamba mawili madogo, nikaona safu ya maua yenye majani marefu, mazito, yamemezwa na nyasi, nikajiambia haya yanateseka bure. Ningeuliza mtu. Sikuuliza. Niliyang'oa yote, na kwa sababu mimi ni fundi, nikafukia mashimo na kusawazisha udongo kwa reki mpaka usingejua kama pale paliwahi kuota kitu.

Saa tisa maua yalikuwa mbele ya mlango wa zahanati, duara safi kabisa. Mama Njeri, mwenyekiti wetu, akatuita chai, kisha akaniita mbele. "Musyoka, kuja watu wakuone! Mpigieni makofi!" Nikatoka kifua mbele, nikapunga mkono kama mheshimiwa, na makofi yalikuwa bado yanalia wakati Cucu Wanjiru, nyanya mmoja jirani aliyekuja kutuona, alipoinama akashika yale majani.

"Hii ni matoka ya mama yangu," akasema polepole. "Nani ameng'oa?"

Mikono ile ile iliyokuwa ikinipigia makofi ikaninyooshea vidole.

"Wewe Musyoka!" Mama Njeri akashika kichwa. "Hiyo ndiyo mpaka! Kwani kwenu Ukambani hakuna mpaka?" (Upo, lakini kwetu tunapanda mkonge, na mkonge haumdanganyi mtu kwamba ni pambo.)

Hapo ndipo nilipoelezwa kwamba matoka, yale maua yenyewe, Wakikuyu huyapanda kuwa alama ya mpaka wa shamba. Cucu Wanjiru na mdogo wake, Cucu Nyambura, waligombania yale mashamba miaka mingi bila hata kusalimiana, mpaka mama yao, akiwa mgonjwa tayari, alipotoka akapanda ile safu kwa mikono yake na kuwaambia basi, yameisha. Mama alishazikwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini hata ardhi yenyewe nilikuwa nimeisawazisha vizuri mno.

Tukarudi shambani, mimi mbele na maua kwenye karai, mtaa mzima nyuma yangu na vikombe vya chai mkononi. Cucu Nyambura akaitwa. Alitazama ule udongo laini, akamtazama dada yake. Niliogopa, wallahi. Niliona nimewarudisha kulekule mama yao alikowatoa.

"Cucu, nisamehe," nikasema. "Nionyeshe tu ilikuwa wapi, nirudishe."

Cucu Nyambura aliinama kwa shida, akachukua shina moja la matoka kwenye karai, akalichimbia kwa mkono hatua nzima ndani ya shamba lake mwenyewe.

Cucu Wanjiru akaliangalia. "Umeweka vibaya," akasema.

Nikapiga magoti na karai langu, nikingoja ugomvi.

"Mama hangekunyima hiyo kipande. Hapo ndio viazi yako inamea." Akaling'oa, akalivuta upande wake, akalipanda huko.

"Wanjiru, wacha."

"Wewe ndiyo uwache. Lete ingine."

Wakaendelea hivyo, mmoja akisukuma huku na mwenzake akirudisha kule, wakibishana kwa Kikuyu na kucheka, na mimi nimepiga magoti katikati nashikilia karai, machozi yananitoka mbele ya watu (nilisema ni vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi).

Tangu siku hiyo sing'oi hata jani la mtu bila kubisha mlango kwanza, na huko Karen wananishangaa. Kabiria walishanisamehe, ingawa Mama Njeri akiniona na jembe bado ananiuliza naenda kuhamisha mpaka wa nani. Ile safu yenyewe imeshika vizuri na imeanza kutoa maua. Lakini hainyooki tena. Imepindapinda kutoka mwanzo hadi mwisho, maana kila mmoja alikuwa akimwongezea mwenzake.